Papa wa Meza ya Katikati

Mbele ya meza yake kulikuwa na viti viwili, na hakukubali mtu akalie kimoja peke yake. Ukifika na mchoro wako mkononi, alikutazama, akatazama kile kiti kingine kilicho tupu, kisha akauliza: "Mwenzako iko wapi?" Ukijibu kwamba mwenzako ana kazi, alirudi kwenye karatasi zake kana kwamba hujafika. Ulisimama pale mpaka ukachoka mwenyewe, ukashuka kumtafuta mwenzako.

Kiwanda chetu cha Kisangani kilifuma vitandiko vizito vya vitanda, taulo na vitambaa vya meza, vyote vikiwa na maua, ndege, au majina ya hoteli ndani ya ufumaji wenyewe. Juu ghorofani, kwenye madirisha makubwa, tulikaa sisi wachoraji. Chini, karibu na kelele, walikaa watoboaji. Kazi yao ilikuwa kutoboa matundu kwenye vipande vya katoni ngumu vilivyoungwa kama mnyororo mrefu, kwa sababu mashini ya kufuma haina macho: inasoma matundu. Penye tundu uzi unapanda, pasipo tundu uzi unabaki chini. Sisi tulijua kuchora, wao walijua kuiambia mashini, na kati yetu palikuwa na ngazi. Meza yake ilikuwa hapo hapo, kwenye kile kisakafu ngazi zinapokata kona. Tulimwita Papa wa Katikati, baadaye ikawa Papa tu, ingawa kiwanda kilijaa wazee wanaoitwa papa.

Walionitangulia kazini waliniambia jinsi hali ilivyokuwa kabla ya meza ile. Mchoro ulikuwa unashuka, kitambaa kinapanda, na wala havikufanana. Wachoraji walisema watoboaji ni vipofu. Watoboaji walisema wachoraji wamelewa rangi. Papa ndiye aliyeleta karatasi ya miraba, ile ambayo kila mraba wake ni uzi mmoja, akaiweka mezani na kutangaza kwamba hakuna mchoro utakaoshuka bila kupita juu yake, na hakuna katoni itakayotobolewa kabla mchoraji na mtoboaji hawajaketi pamoja kuisoma.

Mara yangu ya kwanza kukalia kiti kile nilikaribia kulia. Nilikuwa nimetoka shule ya uchoraji, nikiamini mkono wangu. Kwenye kiti cha pili aliketi Mama Zaina, mkuu wa watoboaji, mama wa Kiislamu aliyekuja mjini kutoka Maniema, ulimi wake mkali kuliko kile kisu chake cha katoni. Aliweka kidole juu ya ua langu.

"Hii ni nini?"

"Ni shina, Mama. Linapinda hivi, taratibu."

"Taratibu iko matundu ngapi?"

Papa alinisogezea karatasi ya miraba na penseli. "Mwanangu, chora hiyo taratibu yako humu ndani." Nikajaza miraba. Shina langu likawa ngazi, mbaya, yenye pembe, kama kitu alichochonga mtu mwenye hasira. Nilitaka kuichana. Mama Zaina akanipokonya penseli, akajaza mraba mmoja ubavuni mwa ngazi, na mwingine, akaacha mmoja, akajaza tena. Pembe zikalainika. Ukirudisha kichwa nyuma kidogo, shina lilikuwa linapinda.

"Vile mashini inaweza," alisema. "Bon. Lakini ni weye utasema kama ingali ua."

Papa alikuwa anatabasamu upande mmoja wa mdomo, akitafuna kipande chake cha kola, ile kokwa chungu. Nadhani hakuna kilichompa furaha duniani kuliko dakika hiyo, watu wawili wanapoacha kumtazama yeye na kuanza kutazama karatasi.

Alikuwa na ubao pia. Juu yake alipigilia ncha za nyuzi za rangi zote tulizokuwa nazo, na chini ya kila uzi aliandika namba na jina. Namba zilikuwa za watoboaji. Majina yalileta vita. Mkuu wetu wa wachoraji, tuliyemwita Chef, mtu aliyesomea Ulaya na kuvaa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyonyooshwa vizuri kuliko ya mkurugenzi, alitaka rangi moja iitwe okre.

"Okre ni nani?" aliuliza Mama Zaina.

"Ni rangi ya udongo fulani, citoyenne."

"Udongo ya wapi? Hapa udongo ni nyekundu. Hii ni ndizi ya kukaanga."

Walibishana muda mrefu, Papa akiwasikiliza wote wawili kama hakimu asiye na haraka. Mwishowe aliandika "ndizi ya kukaanga," na Chef akacheka kwanza kwa hasira, halafu kwa kweli. Miaka iliyofuata nilimsikia akiwaambia wageni kutoka Kinshasa, bila aibu yoyote, kwamba pindo la kitandiko hiki ni pondu, kijani cha kisamvu, na maua yake ni ndizi ya kukaanga.

Maneno ya Papa yalikuwa machache na aliyarudia. "Mashini haisomake moyo," aliwaambia wachoraji waliolalamika kwamba mchoro wao haukueleweka. "Onyesha, usieleze." Na lile lililowaudhi wakubwa: "Karatasi haina cheo." Ule ulikuwa wakati ambao sote tuliitwa citoyen na citoyenne, yaani raia, tukavaa beji za Chama kifuani, na bado kila mtu alijua nani asimame nani akikaa. Kwenye meza yake mtoboaji alifuta mstari wa Chef mbele ya Chef, na hakuna aliyekufa.

Saa nilizozipenda ni zile umeme ulipokatika. Maji yakipungua kwenye maporomoko ya Tshopo, au kitu kikiharibika huko bwawani, mashini zilinyamaza zote kwa mpigo na masikio yakabaki yanavuma. Wachoraji walishuka, watoboaji wakapanda, tukakaa kwenye ngazi kuizunguka meza. Mtu alileta karanga. Mtu alileta kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki wa kukausha. Pale ndipo tulipoulizana maswali ambayo hakuna aliyethubutu kuyauliza kazini: kwa nini mnapenda mistari myembamba hivyo, kwa nini hamwezi kufanya rangi tano katika safu moja. Papa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Umeme uliporudi, watu waliinuka kwa uvivu, kama watu wanaotoka harusini.

Ungemwona huko ungefikiri ni mtu mpole. Mimi niliishi mtaa mmoja naye, Kabondo, na huko nilijua mwingine. Aliongoza kwaya ya kanisa letu na wanakwaya walimwogopa. Aliwafokea waimbaji wa sauti ya chini mbele ya wake zao. Siku moja alifunga kitabu cha nyimbo katikati ya ubeti akatoka nje, akiwaacha watu midomo wazi. Mchungaji akamwomba apumzike. Alipumzika kwa kukaa kiti cha nyuma kabisa kila Jumapili, mikono kifuani, bila kufungua kinywa hata wakati wa nyimbo alizozipenda.

Nilimuuliza tulipokuwa tunarudi nyumbani pamoja, yeye akisukuma baiskeli yake kama alivyofanya kila akiwa na mtu wa kuzungumza naye. "Papa, mbona kazini unacheka, kanisani unagombana?"

Alifikiri mpaka tukapita soko. "Kazini batu banakuja kunitafuta," alisema. "Kanisani ni mimi niko nabatafuta."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Kulikuwa na hatua moja ya kazi ambayo viti viwili havikuhusika. Mashini zetu zilifuma kitambaa uso ukiwa chini. Mfumaji aliyesimama mbele yake aliona mgongo wa kitambaa tu, rangi zake zikiwa zimebadilishana, na picha ikiwa imegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Kwa hiyo ilibidi picha igeuzwe mara moja mahali fulani njiani, kabla ya kutobolewa, ili uso utoke sawa. Kabla ya Papa, hoteli moja ilipelekewa taulo ambazo jina lake lilisomeka kinyumenyume, zikarudishwa, wafanyakazi wa kiwanda wakajikaushia nazo nyumbani kwao mpaka zikachakaa. Papa aliichukua kazi ya kugeuza. Sisi tukimaliza kusoma karatasi pamoja, yeye aliikunja, akageuka upande wa ukuta, akafanya alichofanya, na karatasi ikashuka kwa watoboaji ikiwa tayari.

Mama Zaina alimuuliza waziwazi, siku ya umeme kukatika, watu wote wakisikia. "Papa, utufundishe kugeuza. Siku ukikosa tutafanya je?"

"Siku hiyo mutaniita."

"Na kama umekufa?"

"Basi mutalia," alisema, na ngazi nzima ikaangua kicheko, na Mama Zaina pia.

Chef alijaribu kwa njia yake. Alimwambia kwamba kwenye viwanda vya Ulaya kila hatua ina alama yake, hata mgeni anaweza kuingia leo na kuendelea na kazi. Papa alimsikiliza kwa heshima, akasema ni jambo zuri, akaendelea kutafuna kola. Hakuna aliyelisukuma zaidi. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri. Vitandiko vyetu vilipanda boti kwenda mpaka Kinshasa.

Kisha dada yake mkubwa akafariki Basoko, na Papa akachukua boti kwenda kwenye kilio.

Hakuwa amefika hata Isangi, njiani, nadhani, ofisi ya Chama ilipoleta oda. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja mjini, na walitaka pazia kubwa la kutundika nyuma ya jukwaa, lenye mkono ulioshika mwenge, alama ya Chama. Haraka. Mkurugenzi hakuwa mtu wa kuiambia ofisi ile isubiri. Chef alinipa mimi niuchore mkono. Nilichora mkono wa kulia, wenye nguvu, kidole gumba kikiwa juu, na hata leo nasema ulikuwa mchoro mzuri.

Tuliketi kwenye meza ile bila mwenyewe. Mimi na Mama Zaina tulisoma karatasi mraba kwa mraba. Tulichagua nyuzi kwenye ubao. Tulifanya yote aliyotufundisha, na nakumbuka nikifikiri kwamba angetuona angefurahi. Kisha Chef, aliyejua kwamba kitambaa kinafumwa uso chini, akaichukua karatasi usiku huo nikiwa nimeshaenda nyumbani, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akainakili kwa nyuma. Aliigeuza. Hakumwambia mtu, kwa sababu Papa naye hakuwahi kumwambia mtu. Karatasi ikashuka ikiwa imekunjwa, kama kawaida. Mama Zaina, aliyejua vilevile kwamba kitambaa kinafumwa uso chini, na aliyejua kwamba Papa hayupo, aliwaambia watoboaji wake waisome kila safu kuanzia kulia. Naye aliigeuza.

Pazia lilitoka polepole kwenye mashini na wote tulikwenda kulitazama. Tuliona mgongo, na kwenye mgongo mkono ulikuwa wa kulia, kama nilivyouchora. Tulipaswa kushtuka, kwa kuwa mgongoni ulipaswa kuonekana wa kushoto. Tulipiga makofi. Watu wa Chama walikuja na gari, wakalikunja, wakaondoka nalo.

Lilitundikwa ukumbini. Aliyegundua alikuwa mzee mmoja wa ofisi yao, asubuhi, viti vikipangwa. Alisimama mbele ya jukwaa, akanyanyua mkono wake wa kulia juu kama anashika kitu, akautazama, akatazama pazia. Mwenge wa Chama ulikuwa umeshikwa kwa mkono wa kushoto. Mkono ambao hapa kwetu humpi nao mtu hata chumvi.

Tuliitwa ofisini kwa mkurugenzi sote watatu, mimi kwa kuwa mchoro ulikuwa wangu. Walikuwepo wanaume wawili wa usalama. Mmoja aliketi kwenye ukingo wa meza ya mkurugenzi, na mkurugenzi alisimama.

"Nani aligeuza mkono wa Chama?" aliuliza yule aliyeketi.

"Niligeuza mara moja tu," alisema Chef, sauti yake imekauka. "Inavyotakiwa."

"Na mimi mara moja tu," alisema Mama Zaina.

"Donc basi muligeuza mara mbili."

"Hatukujua."

"Mutu mmoja anajua, mwingine anajua, na pamoja hamujue?" Alitazamana na mwenzake. "Hiyo haiitwi kutojua. Hiyo inaitwa kupanga."

Nilitazama kanda za viatu vyangu nikafikiria mama yangu, atapewa habari na nani.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Papa alikuwa ametoka boti moja kwa moja. Begi lilikuwa begani, shati lilikuwa na moshi wa safari, na alikuwa bado amefunga kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Mlinzi wa geti alikuwa amemweleza.

"Kugeuza ni kazi yangu," alisema.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye kilio ya dada yangu, Basoko."

"Kumbe haukuwa hapa. Haikuhusu."

"Inanihusu. Hawa hawakufundishwa. Waliniomba niwafundishe, na mimi sikuwafundisha." Alimtazama Mama Zaina, akamtazama Chef. "Kama munatafuta mutu alifanya hii, ni mimi."

Wakaondoka naye. Nilitarajia Chef aseme kitu, au mkurugenzi. Nilitarajia niseme mimi. Kilichosikika ni gari likiwaka.

Walimweka ndani wiki nyingi. Mke wake alikuwa anapeleka chakula na kurudi na sahani bila kujua nani amekula. Siku alipoachiliwa alikuwa mwembamba, na sikio moja halikusikia vizuri tena. Mkurugenzi alimrudisha kazini, na watu walisema ni huruma kubwa, lakini alimweka depo, kuhesabu mafurushi ya nyuzi, na kumkataza kugusa mchoro wowote. Meza iliondolewa kwenye ngazi. Walisema inazuia njia.

Mama Zaina alimpelekea lituma, ndizi za kupondwa, na samaki huko depo, akakaa naye Papa akila. Alitoka macho mekundu, akaniambia: "Anakula tu. Anasema asante. Hasemi kingine." Mimi nilikwenda mara moja. Nilimwomba anifundishe kugeuza, kwa siri kama ni lazima. Alikuwa amekaa juu ya furushi la pamba. "Niache, mwanangu," alisema, na nikamwacha.

Bila meza ile hatukudumu. Siyo kwamba tulisahau. Karatasi za miraba zilikuwepo, ubao ulikuwepo, kila mtu alijua kuzitumia. Ila kila mmoja sasa alitaka sahihi ya mwenzake kabla hajagusa kitu. Chef hakuacha karatasi ishuke bila kuandika pembeni kwamba yeye hakugeuza chochote. Mama Zaina alimjibu kwa maandishi vilevile. Watu waliokuwa wanagawana karanga kwenye ngazi walipishana kimya. Oda zikapungua, baadaye nyuzi zenyewe zikaacha kufika, na siku moja tuliambiwa twende nyumbani tutaitwa. Hatukuitwa. Mama Zaina alirudi kwao Maniema na akafia huko. Papa na mkewe waliuza baiskeli na vitanda, wakahamia Basoko kwenye nyumba aliyoiacha dada yake.

Mimi nikaingia biashara ya mto, kama wengi. Chumvi na sabuni kwenda, samaki wa moshi kurudi. Kwa safari nyingi boti yetu ilisimama Basoko nami nikabaki na mizigo yangu, nikisema nitamtafuta safari ijayo. Halafu ikatokea motor kuharibika na tukaambiwa hatuondoki siku hiyo. Niliuliza sokoni. Kila mtu alimjua: yule papa asiyesikia upande mmoja.

Alinitambua kabla sijasema jina. Mkewe alileta chai, akaingia ndani. Tulizungumza kuhusu Kabondo, nani yuko hai. Nilipomwambia kuhusu Mama Zaina, aliweka kikombe chini.

"Yule aliniomba mbele ya batu," alisema. "Aliomba vizuri. Na mimi nikafanya watu wacheke."

Nilisema ilikuwa zamani, na kwamba sote tulicheka.

"Unajua nilikuwa nasikia nini pale mezani?" Alielekeza lile sikio zima kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasema. "Juu wanasema, muite Papa. Chini wanasema, muite Papa. Siku yote. Nilipenda ile. Nilisema ni kazi ya kupatanisha batu, lakini nilipenda kuitwa."

Ndipo nikamwomba kwa mara ya pili, ingawa hapakuwa na mashini wala kiwanda, na mikono yangu ilikuwa inanuka samaki. "Papa, nifundishe kugeuza."

Aliingia ndani akatoka na ukurasa mtupu wa daftari la mjukuu wake na mkasi. Akachora mkono juu yake, vibaya, kwa haraka. Akauinua ukurasa kwenye mwanga, akaunakili kwa nyuma. Hilo nililijua, Chef alilifanya vilevile. Kisha akachukua mkasi na kukata pembe moja ya karatasi, kipande kidogo kama ukucha, kikaanguka mchangani.

"Ukigeuza, unakata pembe. Ukikuta pembe imekatwa, hugeuzi."

Nilisubiri. Alikuwa ameshaweka mkasi chini. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

"Ni hiyo tu, Papa?"

"Ni hiyo tu, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa na woga ya kuwafundisha."